Kompyuta ya Zamani Inapokataa Toleo Jipya: Kutambua Ni Tabaka Gani la Mfumo Lililoacha Kuihudumia

Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi bila shida inapogoma mara tu baada ya mfumo endeshi kupandishwa toleo, jibu linalotolewa haraka ni kwamba mashine imezeeka na waandishi wa mfumo wameacha kuihudumia. Jibu hilo huwa na ukweli ndani yake, lakini halitoshi kumwongoza mtu anayetaka kuirudisha mashine kazini, kwa sababu mfumo endeshi wa chanzo huria hautoki mkononi mwa mtu mmoja. Kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, ina watunzaji wake, distro, yaani mkusanyo kamili wa mfumo kama Debian au Fedora, ina watunzaji wake, na vivyo hivyo kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), maktaba ya C (ambayo karibu programu zote huitegemea) na viendeshi vya michoro, na kila kundi huacha kuhudumia vifaa kwa wakati wake na kwa sababu zake. Kadi ya diski iliyokataliwa na distro huenda bado inahudumiwa na kerneli asilia, ile inayotolewa na watunzaji wa kerneli wenyewe, na kichakataji kilichokubaliwa na kerneli huenda kikakataliwa na maktaba ya C sekunde moja baadaye.

Kwa hiyo swali la kwanza linahusu aliyekataa, na swali la umri wa mashine linafuata nyuma yake. Dawa ya kila tabaka ni tofauti: penye tatizo la distro, kuhamia distro nyingine kunatosha, penye tatizo la kerneli, distro zote zitafikia mahali pale pale baada ya muda. Mwongozo huu umeegemea Linux, ukigusa mifumo ya BSD (familia nyingine ya mifumo endeshi huria) pale inapohusika, na unafuata dalili kwa mpangilio ambao zinajitokeza mashine inapowaka.

Ushahidi wa kukusanya kabla ya kugusa kitu

Distro nyingi huacha kerneli ya zamani kwenye diski baada ya kuweka mpya, na menyu ya GRUB, programu inayoanzisha uwashaji wa mfumo, huionyesha chini ya chaguo za ziada. Jaribio la kuwasha mashine kwa kerneli hiyo ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine yote. Mashine ikiwaka vizuri kwa kerneli ya zamani huku programu nyingine zote zikiwa za toleo jipya, kosa liko kwenye kerneli au kwenye viendeshi vyake. Ikigoma vile vile, kerneli imeshaondolewa lawama na uchunguzi uhamie kwenye maktaba na programu. Ni jaribio la dakika mbili, nalo hupunguza nusu ya kazi. Inashangaza ni watu wangapi hufuta mfumo mzima kabla ya kulifanya.

Mashine ikiwaka kwa njia yoyote, hata kwa kutumia diski ya majaribio, hifadhi matokeo ya `uname -r`, `lscpu` na `lspci -nnk`. Kama mfumo unatunza rekodi za kerneli kutoka uwashaji uliotangulia, `journalctl -k -b -1` itaonyesha kilichotokea kabla ya kugoma. Mashine isiyofika hapo ipigwe picha ya skrini, kwa maana maneno kamili ya ujumbe wa kosa ndiyo yanayotofautisha tabaka moja na jingine.

Dalili: ujumbe wa kukataa kichakataji unatokea kabla ya kitu kingine chochote

Ujumbe ukisema `This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU`, maana yake ni kwamba kerneli ya biti 64 imepelekwa kwenye kichakataji cha biti 32. Hapo hakuna kilichoharibika. Kilichobadilika ni kwamba distro nyingi kubwa zimeacha kutoa kerneli za biti 32 (zinazoitwa i386 au i686, ilhali za biti 64 huitwa amd64 au x86-64): Arch Linux ilifunga tawi lake la i686 mwaka 2017, Fedora ikaacha kutoa kerneli ya i686 kuanzia toleo la 31 la mwaka 2019, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386. Katika Debian hiyo vifurushi vya i386 bado vipo, lakini vimekusudiwa kutumika juu ya kerneli ya biti 64, na vinadai kichakataji chenye SSE2, kundi la maagizo ya ziada ya kukokotoa, jambo linaloziacha nje Pentium III na Athlon XP.

Kabla ya kukubali kwamba mashine ni ya biti 32, hakikisha. Ziko kompyuta nyingi zilizosakinishwa mfumo wa biti 32 miaka iliyopita kwa mazoea tu, ilhali kichakataji chake kina uwezo wa biti 64. Angalia safu ya sifa kwenye `/proc/cpuinfo`. Ukiona `lm` miongoni mwake, kichakataji ni cha biti 64 na dawa ni kusakinisha upya toleo la amd64. Usijaribu kupandisha usakinishaji wa i386 hatua kwa hatua hadi uwe amd64 kama huna muda wa kupoteza, kwani kusakinisha upya ni haraka na ni salama zaidi.

Ujumbe mwingine wa kundi hili hulalamikia sifa moja tu: `This kernel requires the following features not present on the CPU: pae`. PAE ni njia inayoiwezesha kerneli ya biti 32 kufikia kumbukumbu iliyozidi gigabaiti 4, na distro nyingi zilizobaki na kerneli za biti 32 zilikuja kutoa zile zenye PAE peke yake. Hapa pana tofauti muhimu kati ya kichakataji kisicho na uwezo na kichakataji kisichoutangaza. Baadhi ya Pentium M za mwanzo zina PAE inayofanya kazi, ila haziitangazi kwenye orodha ya sifa zake. Kwa hizo, neno `forcepae` likiongezwa kwenye mstari wa amri ya kerneli ndani ya GRUB, mashine huwaka. Kwa kichakataji kisicho na PAE kabisa, neno hilo halitasaidia.

Kuna pia mashine ambazo hazionyeshi ujumbe wowote: kisakinishi cha biti 64 hakionekani kabisa kwenye menyu ya uwashaji, ingawa kichakataji ni cha biti 64. Kompyuta ndogo zilizotumia Atom za kizazi cha Bay Trail ni mfano unaojulikana. Kichakataji chake ni cha biti 64, lakini UEFI yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ni ya biti 32, nayo hutafuta faili la uwashaji la `bootia32.efi` ambalo visakinishi vingi havina. Mfumo ukiwa tayari unawaka kwa njia ya UEFI, `/sys/firmware/efi/fw_platform_size` itakuambia 32 au 64. Hili huhesabiwa kimakosa kuwa ni kuachwa kwa kifaa cha zamani, wakati kwa kweli ni uamuzi wa aliyetengeneza mashine, na kerneli inaumudu. Kinachohitajika ni kisakinishi kilichowekewa faili hilo.

Dalili: kerneli inawaka, kisha inaanguka kwa kusema init imeuawa

Huu ndio ugonjwa uliozidi kuonekana tangu mwaka 2022, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Maandishi ya kerneli yanapita kama kawaida, diski inapatikana, kisha unatokea mstari `Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2`, ukifuatwa na kerneli kulalamika: `Attempted to kill init!`, init ikiwa ni programu ya kwanza inayoanzishwa na kerneli. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake huilaumu kerneli, na hukaa kutwa akibadilisha kerneli bila mafanikio. Mstari wa kwanza ndio unaosema kweli: maktaba ya C, ambayo hapa ni glibc, imekagua kichakataji, imeona hakifikii kiwango ilichojengewa, ikajifunga.

Viwango hivyo, ambavyo ni makundi ya maagizo ambayo kichakataji cha biti 64 kinapaswa kuyamudu, vimegawanywa hivi. Kiwango cha msingi ni kile cha vichakataji vya kwanza vya biti 64. Kiwango cha v2 kinaongeza SSE3, SSSE3, SSE4.1, SSE4.2, POPCNT na maagizo mengine machache, yaani uwezo uliokuja kwa upande wa Intel na kizazi cha Nehalem cha mwaka 2008. Kiwango cha v3 kinadai AVX, AVX2, BMI1, BMI2 na FMA, ambavyo Intel ilivileta pamoja katika kizazi cha Haswell mwaka 2013. Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 ilijengwa kwa v2, na toleo la 10 la mwaka 2025 likajengwa kwa v3. Distro zinazojengwa kutokana nayo hurithi kiwango hicho, isipokuwa zikiamua vinginevyo, kama AlmaLinux 10, ambayo hutoa pia toleo lililojengwa kwa v2.

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba sifa moja inatosha. Core 2 za kizazi cha Penryn zina SSE4.1, lakini hazina SSE4.2 wala POPCNT, hivyo hazifikii v2. Mtego wa pili ni kutumia mwaka wa kununua kama kipimo, kwani Intel iliendelea kuuza Celeron na Pentium zisizo na AVX muda mrefu baada ya 2013, na mashine mpya kiasi inaweza kushindwa na v3 ilhali mashine ya kazi iliyoitangulia kwa miaka inapita. Njia ya kuaminika ni kuuliza maktaba yenyewe. Washa diski ya majaribio ya distro iliyojengwa kwa kiwango cha msingi, kwa mfano Debian 12, kisha andika:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`

Mwishoni mwa matokeo utaona orodha ya viwango, na vile ambavyo kichakataji kinavimudu vimewekewa neno `supported`.

Mtego wa tatu ndio unaowapata hata wataalamu: mashine si ya zamani kabisa. Ujumbe huo huo hutokea ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) iliyo juu ya seva mpya, kwa sababu QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, isipoelekezwa huionyesha mashine hiyo kichakataji cha kubuni chenye sifa chache, ili mashine pepe iweze kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila matatizo. Dawa ni kubadilisha aina ya kichakataji katika mipangilio ya mashine pepe, ama kwa `-cpu host` au kwa kutaja kizazi kinachotosha kama `-cpu Nehalem`. Kontena, yaani programu zilizofungwa pamoja na maktaba zake, nazo hutoa kosa hili, kwa njia nyingine: kontena haina kerneli yake, bali hubeba maktaba yake ya C, kwa hiyo picha ya kontena iliyojengwa kwa v2 itakataa kwenye mashine ambayo mfumo wake mkuu unafanya kazi bila lawama.

Dalili: mfumo unawaka, lakini programu moja inakufa kwa `Illegal instruction`

Programu ikifa hivi huacha namba ya kutoka 132, na rekodi za kerneli huonyesha mstari wenye maneno `trap invalid opcode` pamoja na jina la programu. Maana yake ni kwamba programu ilijengwa kwa maagizo ambayo kichakataji hakiyafahamu, na tofauti na maktaba ya C haikujisumbua kukagua kwanza. Jaribu programu nyingine zinazotumia maktaba ile ile. Zikifa zote, maktaba ndiyo yenye kosa. Ikifa moja tu, aliyeijenga ndiye aliyeinua kiwango.

Kwenye mashine za biti 32 dalili hii ina historia ya ngazi kwa ngazi. Debian 12 ya mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha i386 hadi i686 kamili chenye agizo linaloitwa NOP ndefu, na hivyo AMD Geode, iliyokuwa ikihudumiwa hadi Debian 11, ikaachwa nje. Mtu aliyepandisha toleo kwenye mashine ya Geode hapati maelezo marefu. Programu zinaanza kufa kwa ujumbe huo mmoja. Baadhi ya programu kubwa, kwa upande wake, hazifi bali huacha tu kutolewa: Firefox 144 ilikuwa ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na Chrome ilikwisha kuacha tangu mwaka 2016.

Kwenye aina za vichakataji zilizo adimu zaidi, chanzo mara nyingi ni kompaila. Mwaka 2021 kifurushi cha Python kiitwacho cryptography kilianza kuhitaji lugha ya Rust ili kijengwe, na watumiaji wa Alpha, HPPA na m68k wakajikuta hawawezi kukijenga, kwa kuwa Rust haikuwa na uwezo wa kutosha kwenye vichakataji hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua kuziacha mashine hizo. Kifurushi kimoja kilibadilisha lugha, na vyote vinavyokitegemea vikafuata.

Dalili: kisakinishi au mfumo hauioni diski

Hapa ndipo uamuzi wa distro na uamuzi wa kerneli vinapochanganywa zaidi, kwa hiyo tuufuatilie mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme seva ina kadi ya diski ya LSI SAS1068E. Kwenye diski ya majaribio ya distro yoyote, `lspci -nnk` itaonyesha mstari wa kadi hiyo ukiwa na namba `[1000:0058]`, ambapo nusu ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya kifaa. Chini yake panapaswa kuwa na mstari unaoanza na `Kernel driver in use`. Mstari huo ukikosekana, kadi imeonekana na kerneli kama kifaa, lakini hakuna kiendeshi kilichoichukua.

Sasa uulize kama kuna kiendeshi chochote kwenye kerneli hiyo kinachodai namba hiyo:

`grep -i v00001000d00000058 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias`

Ukipata jibu linaloishia na `mptsas`, kiendeshi kipo na kinaifahamu kadi, basi tatizo ni kwamba hakikupakiwa. Jaribu `modprobe mptsas` na usome rekodi za kerneli. Usipopata jibu, tazama mipangilio iliyotumika kujenga kerneli:

`grep FUSION_SAS /boot/config-$(uname -r)`

Mstari ukisema `is not set`, umeshampata mhusika. Kerneli asilia bado ina kiendeshi hicho; distro ndiyo iliyoamua kutokijenga. Ndivyo ilivyotokea kwenye Red Hat Enterprise Linux 8, ambayo iliondoa mptsas na viendeshi vingine kadhaa vya kadi za diski. Kwa baadhi ya viendeshi, kama megaraid_sas, iliacha kiendeshi mahali pake ila ikafuta namba za kadi za zamani kwenye orodha yake. Hali hii ya pili hupoteza watu njia, kwa sababu moduli (faili la kiendeshi) inapakiwa vizuri, `lsmod` inaionyesha, na bado diski hazitokei. Amri ya `modules.alias` iliyotajwa hapo juu ndiyo inayoifichua.

Dawa kwa distro za familia hiyo ni mradi wa ELRepo, ambao hujenga upya viendeshi vilivyoondolewa na kuvitoa pia kama diski za viendeshi zinazosomwa na kisakinishi kupitia chaguo la `inst.dd`. Inafanya kazi, lakini kumbuka kwamba kuanzia hapo kila kerneli mpya inakuja na swali la kama moduli hiyo imeshajengwa kwa ajili yake. Kwa seva ambayo haihitaji distro hiyo mahususi, kuhamia nyingine inayojenga kiendeshi ni njia yenye usumbufu mdogo kwa muda mrefu.

Kuna sababu tatu zinazofanana na kuondolewa ingawa sizo. Kwanza, kiendeshi kinaweza kuwa kimehamishiwa kwenye kifurushi cha ziada: Ubuntu ina `linux-modules-extra` na Fedora ina `kernel-modules-extra`, na viendeshi visivyotumika sana huwekwa huko. Pili, initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa kabla ya diski kuu kufikiwa, inaweza kuwa imejengwa bila kiendeshi hicho, hasa kama diski ilihamishwa kutoka mashine nyingine na Debian ilipangwa kwa `MODULES=dep`. Tatu, jina la diski linaweza kuwa ndilo lililobadilika. Linux 5.14 ya Agosti 2021 iliondoa mfumo wa zamani wa IDE, ule uliozipa diski majina ya `/dev/hda`. Kazi yake ilikuwa tayari imechukuliwa na libata, mfumo mpya zaidi wa diski ndani ya kerneli, ambayo huziita `/dev/sda`. Diski za IDE zinaendelea kufanya kazi. Kinachogoma ni `/etc/fstab` au mstari wa GRUB wenye jina la zamani, na dawa ni kuweka UUID (kitambulisho kisichobadilika) inayotolewa na `blkid`.

Dalili: skrini ni nyeusi, au picha inakwenda kwa kusuasua

Anza kwa kusoma `/proc/cmdline`. Neno `nomodeset` likiwemo, huenda liliwekwa wakati wa usakinishaji na kusahaulika, nalo huzuia viendeshi vya michoro vya kisasa kuanza. Liondoe kabla ya kuendelea, maana ukilipuuza kila kipimo kinachofuata kitakudanganya.

Kisha endesha `glxinfo -B` na utazame jina la anayechora. Ukiona `llvmpipe`, kadi ya michoro haitumiki na kichakataji ndicho kinachochora kila kitu, jambo ambalo kwenye mashine ya zamani ni mateso. Chanzo kinaweza kuwa kwenye kerneli: Linux 6.3 ya mwaka 2023 iliondoa viendeshi vya kadi kongwe kama i810, mga, r128, savage, sis, tdfx na via, vilivyokuwa vimebaki na mtindo wa zamani ambao kazi kubwa ilifanywa nje ya kerneli. Kinaweza pia kuwa kwenye Mesa, maktaba huria ya michoro, ambayo katika toleo la 22.0 la mwaka 2022 ilitenga viendeshi vyake vya kizamani, vikiwemo vya Radeon za kizazi cha R100 na R200, na kuviweka kwenye tawi liitwalo Amber. Kwa watumiaji wa michoro ya Intel toleo hilo halikuwa msiba, kwani kiendeshi kipya cha crocus kilichukua mashine za kizazi cha nne hadi cha saba.

Kadi za NVIDIA ni habari nyingine, kwa sababu kiendeshi chake kamili si cha chanzo huria na hakuna anayeweza kukiendeleza mtengenezaji akikiacha. Kadi za Fermi ziliishia kwenye tawi la 390 na za Kepler kwenye tawi la 470, na rekodi za kerneli husema wazi ni tawi gani linahitajika. Tatizo ni kwamba matawi hayo hayafuatani na kerneli mpya, na siku moja moduli inakataa kujengwa. Ushauri wangu ni kuhamia kiendeshi huria cha nouveau mapema kwa kadi hizo, ukikubali kwamba kasi itashuka, kuliko kuifunga mashine nzima kwenye kerneli isiyopokea marekebisho ya usalama kwa ajili ya kadi moja.

Dalili: mtandao usiotumia waya haufanyi kazi

Rekodi za kerneli zikisema kiendeshi kimeshindwa kupakia faili la programu dhibiti (firmware, inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), hakuna kilichoondolewa. Kifurushi cha programu dhibiti ndicho kinachokosekana. Debian imeweka programu dhibiti zisizo huria kwenye visakinishi vyake rasmi kuanzia toleo la 12, hivyo tatizo hili limepungua sana. Zisipotaja programu dhibiti, rudi kwenye hatua za `lspci -nnk` na `modules.alias` zilizoelezwa kwa diski. Zinafaa kwa kadi yoyote ya PCI.

Dalili: vifurushi havipakuliwi tena

Ujumbe wa `apt` (programu ya kusakinisha vifurushi kwenye Debian na Ubuntu) unaosema kwamba hazina ya vifurushi `doesn't support architecture 'i386'` unamaanisha aliyetunza hazina hiyo ameacha kujenga vifurushi vya biti 32; ikiwa mashine ni ya amd64 na i386 iliongezwa zamani kwa ajili ya programu fulani, weka `[arch=amd64]` kwenye mstari wa hazina na ujumbe utatoweka. Kosa la 404 kwenye toleo zima la zamani la Debian ni jambo jingine: toleo limehamishiwa `archive.debian.org`. Kulielekeza huko kunakuwezesha kusakinisha, ila hakuna marekebisho ya usalama yatakayokuja.

Ikithibitika kwamba kerneli yenyewe imeacha

Hapa inafaa kujua kwa nini huwa inafikia hapo, kwa sababu sababu ndiyo inayoonyesha kama kuna la kufanya. Msimbo wa kifaa cha zamani hauwezi kuachwa ukae kimya. Kila mara muundo wa ndani wa kerneli unapobadilika, mtu lazima auguse msimbo huo pia, na kama hakuna mwenye kifaa cha kuujaribia, anaubadilisha kwa kubahatisha. Intel 386 iliondolewa katika Linux 3.8 ya mwaka 2013, ingawa Linux yenyewe ilizaliwa juu ya kichakataji hicho mwaka 1991, kwa sababu 386 haikuwa na maagizo kama CMPXCHG na INVLPG yaliyoletwa na 486, na pia 386 ilipuuza ulinzi wa kurasa za kumbukumbu wakati kerneli ilipoandika. Njia za kuzunguka upungufu huo zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Aina nane za vichakataji ziliondolewa kwa pamoja katika Linux 4.17 ya mwaka 2018, zikiwemo blackfin, cris na tile. Itanium iliondolewa katika Linux 6.7 ya Januari 2024, mara tu baada ya 6.6, ambayo ni toleo la muda mrefu, yaani linalopokea marekebisho kwa miaka kadhaa, na hivyo wenye mashine hizo walipata muda wa kujipanga.

Mpangilio huo wa Itanium unaonyesha njia ya kwanza: tafuta toleo la mwisho la muda mrefu lililokuwa na kifaa chako, ulitumie hadi muda wake uishe. Njia ya pili ni kuhamia mfumo ambao bado unakihudumia kifaa. NetBSD na OpenBSD zinaendelea kutoa i386, na Alpine Linux ina toleo la biti 32. FreeBSD, kwa upande mwingine, iliondoa kerneli ya i386 katika toleo la 15, kwa hiyo usichukulie kwamba BSD zote ni sawa. Anayepanga kuiacha mashine ya biti 32 ikifanya kazi kwa miaka mingi afahamu pia kwamba vifurushi vya i386 vya Debian vilibaki na saa ya biti 32 (namba inayohesabu sekunde) wakati aina nyingine zilihamia biti 64 katika toleo la 13, na saa hiyo inakwisha tarehe 19 Januari 2038.

Njia ya tatu ni kurudisha msimbo mwenyewe. Ndani ya hazina ya git ya kerneli, amri kama

`git log --oneline --diff-filter=D -- drivers/gpu/drm/savage`

itakuonyesha badiliko lililofuta kiendeshi, na ujumbe wake mara nyingi hueleza sababu pamoja na jina la toleo. `git revert` ikikubali bila migongano, unaweza kujenga kerneli yako siku hiyo hiyo. Ikianza kukataa baada ya matoleo mawili au matatu, utakuwa umeuona kwa macho yako mzigo ambao watunzaji waliukimbia.

Kwa kifaa ambacho bado hakijaondolewa, soma faili la `MAINTAINERS` na utafute hali yake. Neno `Orphan` linamaanisha hakuna anayekitunza, na `Odd Fixes` linamaanisha yupo anayepokea marekebisho lakini hana muda wa zaidi ya hapo. Pendekezo la kuondoa kifaa hutumwa hadharani kwanza, na barua inayosema tu kwamba kuna watu wanaokitumia haina uzito mkubwa. Inayosikilizwa ni ile inayotaja namba ya kifaa, toleo la kerneli linalotumika sasa, rekodi kamili za uwashaji kwenye kerneli mpya iliyojengwa wiki hiyo, na utayari wa kujaribu mabadiliko yatakapotumwa.